Kwaya ya watu 34, kinanda cha umeme, na “I was glad” ya Parry

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika mkoani Kilimanjaro. Tuko 34: soprano 13, alto 10, tena 5, besi 6. Kanisa letu jipya litawekwa wakfu baada ya miezi 6, na wazee wa kanisa wanataka wimbo mkubwa wa kuingilia. Kijana wetu mmoja ameleta nota za “I was glad” ya Parry, ule walioimba Mfalme Charles alipotawazwa. Kinanda cha mabomba hatuna, tuna cha umeme chenye vitufe 61. Tunacho pia kikundi cha matarumbeta. Wengi wetu tunasoma solfa (do, re, mi) tu. Je, tutauweza? Na tuuimbe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

JIBU: Amina, mwalimu. Mnauweza, lakini si kwa njia ambayo kwaya nyingi huuanza. Wengi hufungua ukurasa wa kwanza, wanapiga mwanzo kwa nguvu zote, wanafika katikati wamechoka, kisha sehemu iliyo moyo wa wimbo inafundishwa wiki ya mwisho, mbio mbio. Nakuomba ufanye kinyume. Huu ni wimbo wa kujifunza kuanzia katikati, na kabla sijakueleza namna, tuelewane kwanza ni wimbo wa aina gani.

Hubert Parry, mtunzi Mwingereza, aliuandika kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 9 Agosti 1902. Sherehe ilikuwa imepangwa Juni 26, mfalme akaugua na kupasuliwa tumbo siku mbili kabla, ikabidi kungoja. Zaburi ya 122 ilikuwa tayari na desturi ya kuimbwa katika ibada hizo tangu karne ya 17, kwa hiyo Parry hakuchagua maneno mapya. Alichofanya ni kuyapa muziki wenye kazi moja tu: kumwingiza mtu mlangoni na kumfikisha mbele. Mwaka 1911, kwa kutawazwa kwa George wa Tano, aliuandika upya mwanzo wa vyombo, na huo ndio mwanzo tunaousikia leo. Umerudi tena 1937, 1953 na 2023. Mwaka 2011 aliingilia nao Catherine, bibi harusi wa Mwanamfalme William, katika kanisa lile lile. Kwa hiyo wazee wenu hawakukosea. Wameomba wimbo wa kuingilia, na huu ni wa kuingilia kwelikweli, tangu kinanda kinapoanza.

Na hapo ndipo tahadhari yangu ya kwanza. Siku ile ya 1902, mkuu wa muziki, Frederick Bridge, alikosea hesabu ya muda. Kwaya ikamaliza wimbo, mfalme hajafika. Walter Alcock aliyekuwa kwenye kinanda akalazimika kubuni muziki papo hapo wa kujaza kimya, na mfalme alipoonekana sehemu ya wimbo ikarudiwa. Westminster Abbey ni refu, maandamano yake marefu. Kwenu itakuwa kinyume, wimbo ndio utakaokuwa mrefu kuliko njia. Ukiondoa zile kelele za kumshangilia mfalme, ambazo nitazieleza, unachukua kama dakika tano na nusu. Sasa chukua futi ya fundi, pima kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Tuseme ni mita 25. Watu wa maandamano wanatembea taratibu, kama nusu mita kwa sekunde. Askofu atakuwa amefika mbele kwa sekunde 50, na ninyi bado mko ukurasa wa tatu, huku washarika wakimtazama amesimama hajui akae au aombe.

Suluhisho ni la ibada, si la muziki. Zungumza na mchungaji wako mapema. Askofu akishakabidhiwa funguo na mlango ukafunguliwa, kinanda na matarumbeta waanze, na maandamano yasimame kizingitini mpaka kwaya itamke neno la kwanza. Hapo ndipo mguu wa kwanza uvuke. Watembee hadi mbele, wageuke, wawatazame watu, na sehemu ya utulivu iwakute wamesimama. Kisha wote wawe wima pamoja mpaka mwisho. Ukipanga hivyo, wimbo hautakuwa muziki wa kusindikiza viatu. Utakuwa sehemu ya kuweka wakfu.

Tuje kwenye maneno. Parry ametumia mistari ya 1 hadi 3, kisha akaruka ya 4 na ya 5, ile ya kabila na viti vya hukumu, akamalizia na ya 6 na ya 7. Katika Biblia yetu unaijua: “Nalifurahi waliponiambia, Na twende nyumbani kwa Bwana.” Fungua uone: juu yake zaburi yenyewe imeandikwa kuwa ni wimbo wa kupanda mlima. Kwa watu wanaopanda kwenda kanisani kila Jumapili hakuna haja ya kueleza zaidi.

Umeuliza kama muuimbe kwa Kiswahili. Nimelijaribu jambo hili kwa mikono yangu, na jibu langu ni hapana, si kwenye muziki huu. Sikiliza kwa nini. Kiingereza cha “Peace be within thy walls” kina silabi 6, na ya kwanza ndiyo yenye uzito: inaangukia kwenye pigo kubwa. Maneno yetu ni “Amani na ikae ndani ya kuta zako”. Hesabu kwa vidole: ni silabi 14. Na uzito wa “amani” uko kwenye “ma”, si kwenye “a”. Ama unakata maneno ya Biblia mpaka yanabaki mifupa, ama unagawanya kila nota ndefu vipande viwili vitatu, na ule mwendo mpana wa kifalme unageuka kuwa kuhesabu maharage. Mwanzoni kuna matumaini kidogo. “Nalifurahi” ina uzito kwenye “ra”, nayo ina irabu iliyo wazi inayokaa vizuri mahali pa “glad”. Lakini ile “hi” ya mwisho haina pa kwenda. Itabidi uikate nota ndefu ili kuipa nafasi, na nguvu ya neno lile ni kwamba linashikiliwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtoto wa shule ya Jumapili mwenye sauti safi asimame mlangoni, asome mistari hiyo mitano kwa Kiswahili, bila haraka. Akimaliza “majumba yako”, kinanda kianze. Kila bibi aliye kwenye benchi atajua mnaimba nini. Halafu nikwambie kitu kilichonigusa nilipoweka maandiko mawili pembeni. Kiingereza cha kitabu cha sala cha Kianglikana walichotumia kinasema miguu yetu itasimama malangoni pako, wakati ujao. Sisi tunasema “Miguu yetu imesimama”. Kwenu, siku ile, mtoto akisoma “imesimama”, itakuwa kweli kwa maana ya kawaida kabisa, kwamba watu wako mlangoni na miguu yao imefika.

Sasa mafunzo. Mwezi wa kwanza mzima usiguse mwanzo. Nenda moja kwa moja kwenye “O pray for the peace of Jerusalem”. Hapo muziki unashuka kutoka kwenye shangwe, sauti zinakuwa laini, na funguo ya muziki, yaani mahali do inapokaa, inahama kutoka B flati kwenda G flati. Anayesoma nota za mistari ataona flati sita na kushtuka. Ninyi wa solfa mna bahati, maana kwenu ni do tu imehama. Chukua do ya B flati, kwaya nzima iishike kwa “uu”. Wakiwa wanaishika waambie: sasa hiyo hiyo ni mi. Kisha washuke mi, re, do. Do waliyofika ndiyo do mpya, G flati. Fanya hivyo kila mwanzo wa mazoezi kwa dakika tatu, na kurudi pia: mi ya G flati igeuke do. Baada ya wiki mbili masikio yao yatakuwa yanajua njia hata kinanda kikiwa kimezimwa. Unapoandika solfa yao, weka ile nota ya daraja kama walivyofanya watu wa John Curwen, Mwingereza aliyeeneza solfa: d ndogo juu kushoto, m kubwa mbele yake. Wazee wenu waliofundishwa solfa ya misheni wataitambua mara moja.

Sababu ya kuanzia hapo si ugumu wa nota peke yake. Kwaya zetu zinajua kushangilia. Mpe mtu yeyote pale “Haleluya” uone. Tusichozoea ni kuimba kwa sauti ndogo bila kushuka kifunguo, na bila kupunguza pumzi pamoja na sauti. Sehemu hii inataka pumzi nyingi kuliko ile ya kelele. Simamisha kwaya duara, wasogeleane mpaka kila mmoja asikie pumzi ya jirani yake, mwimbe kwa nguvu ya mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Anayesikia sauti yake mwenyewe kuliko ya jirani, apunguze.

Nakumbuka ibada moja ya jubilei niliyoongoza, miaka mingi imepita. Tulikuwa tumefika hapo hapo, kwenye ombi la amani, umeme ukakatika. Spika zikafa, kinanda kikanyamaza katikati ya neno. Mpiga kinanda aliinua mikono akanitazama. Sikuwa na muda wa kufikiri, nikaendelea kupiga mizani kana kwamba hakuna kilichotokea, nao wakaendelea, watu 40 hivi, bila chombo. Nje jenereta ilikuwa ikivutwa kamba, mara moja, mara mbili, tukiisikia. Iliwaka tukiwa tumebakiza mstari mmoja, na kinanda kiliporudi hatukuwa tumeshuka hata nusu sauti. Tusingekuwa tumeifundisha sehemu ile kwanza, tena bila kinanda, siku ile ingekuwa aibu. Ndiyo maana nasema, ijueni sehemu hiyo pasipo chombo. Na jenereta iwe inaunguruma tangu kabla ya ibada, mbali na madirisha.

Mwezi wa pili na wa tatu nenda kwenye “Jerusalem is builded as a city”. Hapa Parry anaigawa kwaya pande mbili zinazoitikiana, kwa sababu katika makanisa makuu ya Uingereza waimbaji hukaa wakitazamana, upande huu na upande ule. Kwenu tena 5 ni wachache kugawa. Usijali. Waweke tena wote katikati, mkono wa kushoto wakiwa na kundi la kwanza na wa kulia na la pili, waimbe na pande zote mbili pale pumzi inaporuhusu, na soprano, alto na besi ndio wagawanyike. Kama kuna waumini wa kwaya ya vijana wenye sauti za tena, waazime wawili. Nafasi bado ipo.

Baada ya hapo utakutana na kurasa zenye Kilatini, “Vivat”, maana yake aishi. Hizo ni kelele za wanafunzi wa Westminster School, ambao kwa desturi ndio wa kwanza kumshangilia mfalme au malkia kwa jina lake. Ziache zote. Nota zilizochapishwa huonyesha mahali pa kuruka, na karibu kila kwaya nje ya kutawazwa huruka. Kuna mtu atakushauri mziweke na jina la askofu. Kataa kwa heshima. Nyumba inayowekwa wakfu siku ile ni ya Bwana.

Matamshi yatakusumbua zaidi ya nota. Ulimi wetu unataka irabu mwisho wa kila neno, kwa hiyo “glad” litataka kuwa “gladi”, “Lord” litataka kuwa “lodi”, na watu 34 wakiongeza “i” hiyo kila mmoja kwa wakati wake, kanisa zima litasikia mvua ya “i” baada ya kila mstari. Dawa yake: wafundishe kuishika irabu mpaka mkono wako ufunge, na konsonanti ya mwisho itoke pamoja na mkono, fupi, bila kitu nyuma yake. Neno baya kuliko yote ni “plenteousness”. Liandike ubaoni vipande vinne, plen-ti-as-nes, waliseme kwa mdundo wa wimbo wakiwa wamekaa, kabla ya kuliimba. Usiwaachie kila mtu alitamke alivyolisikia kwenye simu.

Tuje kwenye kinanda, maana wimbo huu uliandikwa kwa okestra na ogani, yaani kinanda cha mabomba, na toleo la kwaya na ogani ndilo linaloimbwa makanisani mengi. Ogani haipo hapo kusaidia waimbaji wasipotee. Ndiyo inayofungua mlango. Inaanza peke yake, inajenga, inapanda, na kwaya inaingia juu ya kitu ambacho tayari kimesimama. Kwa hiyo msimpe kazi hii mpiga kinanda anayeipata wiki mbili kabla. Mpe nota leo.

Kinanda chenu cha vitufe 61 kina oktavu tano, zinatosha mikono. Kinachokosekana ni miguu. Kwenye ogani ya kweli, mpiga kinanda anakanyaga besi kwa miguu, na sauti za futi 16 hufanya nota isikike oktavu nzima chini ya ilivyoandikwa. Bomba kubwa la sauti hiyo lina urefu wa karibu mita 5. Hilo ndilo linalofanya sakafu ya kanisa itetemeke, na bila hilo mwanzo utasikika kama muziki wa simu ya kungojea. Azimeni kinanda cha pili. Mtu wa pili apige mstari wa miguu peke yake, oktavu moja chini, kwa sauti ya ogani nene. Mstari huo si mgumu, kijana wa mwaka mmoja wa mafunzo anauweza. Kwenye vinanda vyote viwili chagueni ogani ya kanisa, si ile inayotikisika ya muziki wa dansi, na msichanganye na sauti ya piano, kwa sababu piano hufifia baada ya kugusa ilhali nota za hapa zinatakiwa zikae hadi kidole kinyanyuke. Ule mguu wa kurefusha sauti usikanyagwe kabisa. Spika ziwekeni nyuma ya kwaya, zielekee watu, ili waimbaji wapate mgongo wa kuegemea.

Na matarumbeta! Umeyataja kwa haraka mwishoni, kumbe ndiyo hazina yenu. Vikundi vya matarumbeta vya sharika za huko kaskazini ni urithi wa Wamisionari wa Kijerumani, na wimbo huu unaanza kwa mlio wa shangwe ambao tarumbeta ilizaliwa kuufanya. Funguo yake ni B flati, na tarumbeta ya kawaida nayo ni ya B flati, kwa hiyo do ya wimbo inatoka bila kubonyeza valvu hata moja. Ila uliza jambo moja kabla hujaandika nota. Waliofundishwa kwa mtindo wa Kijerumani wa kanisani husoma nota kama zinavyosikika. Waliofundishwa kwenye bendi za shule au za jeshi husoma nota iliyoandikwa sauti moja juu. Ukiwachanganya bila kujua, mazoezi ya kwanza yatakuwa vita na kila upande utaapa kwamba uko sahihi. Matarumbeta yapige mwanzo na ukurasa wa mwisho tu. Kwenye ombi la amani wakae, wateremshe vyombo magotini.

Ule mwisho unapanda. Soprano wanafika B flati ya juu, na watu watakushauri ubonyeze kitufe cha kinanda mshuke sauti moja nzima. Usikubali, kwanza kwa sababu matarumbeta yatapotea, na pili kwa sababu besi zako zitazama. Kati ya soprano 13 tafuta 4 ambao B flati inawatoka bila mishipa ya shingo kusimama. Hao wanatosha. Wengine 9 waimbe nota ya chini yake, kwa moyo mmoja, na hakuna atakayejua. Waambie waziwazi nani anapanda na nani anabaki, mbele ya wote, tangu mwezi wa nne, ili siku yenyewe asitokee wa kujaribu bahati. Wakipanda, wafungue mdomo wima kama wanaoshangaa, sio pana kama wanaocheka.

Nota hazina gharama. Parry alifariki 1918, kazi yake ni huru, na kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP utapata toleo la kwaya na ogani bila kulipa. Hakikisha tu nakala aliyoleta kijana wenu ni hiyo yenye mwanzo wa 1911, maana nakala za kupiga picha huwa zimepoteza kurasa.

Nifanyie mambo mawili wiki hii. Pima ile njia ya katikati, unitumie urefu wake kwa mita. Na uwaulize matarumbeta wako wangapi na wanasoma nota za aina gani. Nikipata majibu hayo, nitawaandikia sehemu yao ya mwanzo na ya mwisho kwa nota wanazozisoma, ili mwezi wa tatu waingie mazoezini pamoja na ninyi.